Makala Iliyomponza Daktari Gozbert Kamugisha, 1914–1957

Tunayemsindikiza leo, Jumatatu tarehe 12 Agosti 1957, hapa makaburini Kinondoni, ni Daktari Gozbert Kamugisha wa Temeke. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Demetria, ambaye ni mwalimu. Baadhi ya wazee wa ukoo walitaka usomwe na mwanamume. Walisikilizwa kwa heshima zote, kisha kazi akapewa Demetria, kwa sababu marehemu alimwachia neno la kusema hapa, na neno hilo litafika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1914 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasiani Kamugisha, mkulima wa kahawa, na Mama Anjelina. Alikuwa mtoto mtulivu aliyependa kuhesabu kila kitu, kuku, mikungu ya ndizi, hata watu waliosinzia kanisani. Siku moja palikuwa na arusi kwa jirani, na yeye akatumwa akahesabu wageni ili wapishi wajue wapike kiasi gani. Alizunguka uwanja wa mbele akimgusa kila mtu begani, akarudi na hesabu yake, ndizi zikapikwa, zikaliwa, zikaisha. Kinamama waliokuwa nyuma ya nyumba wakimenya na kupika tangu alfajiri wakabaki kulamba vidole. Alipoulizwa, alijibu kwamba nyuma hakutumwa. Mama Anjelina anasema alimchapa kidogo na kumcheka sana. Ukubwani marehemu alikuwa akimwomba mama yake amsimulie tena kisa hicho, na akishasimuliwa, hacheki.

Alianza masomo katika shule ya misheni huko huko nyumbani mwaka 1922. Mwaka 1929 alipanda meli hadi Mwanza na treni hadi Tabora, akaingia shule ya serikali, na mwaka 1934 akachaguliwa kwenda Makerere kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1940. Mzee Kasiani alichinja ng'ombe siku aliporudi, na watu waliokuwa hawajaugua miaka mingi wakajipanga mlangoni wakiumwa kila kiungo.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika hospitali moja ya Dar es Salaam kama daktari msaidizi. Usaidizi huo ulikuwa wa kwenye karatasi tu. Alilaza, alipasua, alishona, na ikifika wakati wa kutia sahihi ndipo alipokumbushwa kwamba yeye ni msaidizi. Hakulalamika. Alisema kuna njia moja tu ya kusikilizwa na watu wa namna ile, nayo ni kuandika katika majarida wanayoyasoma wao. Akaandika makala nne maishani mwake. Mbili zilihusu minyoo na homa, na hazikumletea sifa wala lawama. Mbili zilihusu saratani ya matiti, na hizo ndizo zilizomla.

Tarehe 6 Juni 1942 alifunga ndoa na Benedicta, mkunga aliyesomea kazi hiyo kwa masista. Bi Benedicta anakumbuka kwamba posa yake ilikuwa na maswali mengi kuliko maneno ya mapenzi, na swali moja lilikuwa kama anaweza kuvumilia mtu anayesoma wakati wa kula. Alijibu kwamba anaweza, mradi sahani irudi tupu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Avelina na Kasiani.

Mwaka 1944 makala yake ya kwanza kuhusu saratani ya matiti ilichapishwa katika jarida la madaktari huko Nairobi. Alikuwa amepekua kumbukumbu za wodi ya wanawake za miaka kumi na kukuta wagonjwa wachache mno wa maradhi hayo. Akaandika kwamba wanawake wa pwani yetu ni nadra sana kuyapata, na akaongeza dhana yake kwamba pengine ni kwa sababu wanazaa mapema na kunyonyesha muda mrefu. Iliandikwa vizuri. Ilikuwa na majedwali, ilikuwa na adabu, na ilisema kitu ambacho wakubwa walikuwa tayari wanakipenda. Basi ikapaa. Kabla ya miaka mitatu ilikuwa imenukuliwa katika vitabu vya London na Marekani, na maprofesa ambao hawangempa kiti ofisini kwao walikuwa wakiandika jina la Kamugisha kama shahidi wao. Nyumbani Kanyigo padri aliitaja kanisani, na Mzee Kasiani akaanza kutembea taratibu zaidi ili watu wapate nafasi ya kumpongeza.

Mwaka 1947 familia ilihamia Temeke, na marehemu akapangiwa zahanati ya huko. Majirani wao wa ukuta kwa ukuta walikuwa Bwana Bakari, mpakuaji wa mizigo bandarini, na mkewe Chausiku. Chausiku alikuwa mcheshi, fundi wa maandazi, na ndiye aliyemfundisha Bi Benedicta kusema na watu wa pwani bila kuwatisha. Mwaka uliofuata alianza kujifungia ndani. Bi Benedicta alipokwenda kumjulia hali aliambiwa ni jipu, linakandwa, litapasuka. Hakufunuliwa, na kwa kuwa kumfunua mtu kwa nguvu si ujirani, akarudi nyumbani. Chausiku alifariki mwezi Novemba 1948, akiwa hajafika hospitali hata mara moja, na nyumba ya daktari ilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake.

Palipokuwa na matanga, marehemu alikaa barazani na wanaume. Mmoja wao alimsifu mbele ya wageni kwamba daktari huyu ameandika na kusomwa mpaka Ulaya, akaomba waelezwe ameandika nini. Marehemu akaeleza kwa furaha, kwamba yako maradhi ya ziwa yanayowaua sana wanawake wa Ulaya, ila wa huku pwani, tumshukuru Mungu, hayawapati ila kwa nadra. Wanaume wakashukuru. Maneno hayo yakapita uani kwa kinamama kama sinia la chai.

Uani alikuwepo Bi Hamisa binti Mwinshehe, mwosha maiti wa wanawake wa Temeke, ambaye siku hiyo asubuhi ndiye aliyemwosha Chausiku. Alimwita Bi Benedicta pembeni.

"Mwambie mumeo asiyarudie maneno hayo mbele za watu," alisema. "Hao anaosema hawapo, sie ndio tunaowaosha."

Bi Benedicta aliyafikisha kama alivyopewa. Kesho yake sahani ya marehemu ilirudi na chakula chake, na ya jioni vilevile. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amehesabu waliolazwa wodini katika mji ambao mwanamke mwenye uvimbe kifuani hawezi hata kuota kuufunua mbele ya mwanamume asiye mumewe, tena katika chumba chenye vitanda arobaini. Kwa mara nyingine alikuwa amehesabu uwanja wa mbele.

Alikwenda kwa Bi Hamisa kwa miguu yake, akapiga hodi na kutoa shikamoo. Alitaka atajiwe waliokufa hivyo, ni akina nani, tangu lini. Bi Hamisa alimkaribisha kahawa na kumkatalia. Anayeosha maiti hatoi nje alichokiona mwilini, hiyo ni amana, na akiivunja hakuna atakayemwachia tena mzazi wake.

"Marehemu hana nguo pale, Daktari," alisema. "Mie ndio nguo yake. Unataka nimvue?"

Marehemu aliondoka, lakini hakuacha. Alirudi Ijumaa baada ya Ijumaa, hata wanaume wa mtaa wakaanza kumtania Bi Benedicta kwamba amepata mke mwenzake mwenye miaka sabini. Safari moja hakuuliza kitu. Alikaa tu, akasema ameandika uongo bila kukusudia, na uongo huo umeshavuka bahari na hajui ataurudishaje. Bi Hamisa alimwongezea kahawa.

"Maiti sikupi," alisema mwishowe. "Walio hai nitakuletea. Ila asiwaguse mwanamume. Mkeo yupo."

Hivyo ndivyo kliniki ya sebuleni ilivyoanza, mwezi Machi 1949, katika nyumba yao ya Temeke. Kila Alhamisi pazia la kitenge lilifungwa katikati ya sebule. Upande mmoja alikaa Bi Benedicta na kinamama, upande wa pili marehemu na kalamu yake. Bi Benedicta alipapasa na kusema kwa sauti kile ambacho vidole vyake vilikikuta, kikubwa au kidogo, kinacheza au kimeshikamana na nyama, na marehemu akauliza maswali kupitia pazia. Miaka yote hiyo hakumwona hata mmoja wao. Bi Hamisa kila alipomaliza kazi yake msibani aliwaambia wanawake wa nyumba ile, pasipo kutaja alichokiona, kwamba wapite kwa mke wa daktari. Walikuja wa Temeke, wakaja wa Mtoni na Kurasini, wakaja wa Mbagala kwa miguu, wengine na watoto mgongoni. Waliokuja wamechelewa walikuwa wengi, na Alhamisi za namna hiyo marehemu alikuwa hasemezeki. Lakini walikuwapo waliowahi. Wa kwanza aliyewahi ni Zuena, mpwa wa Bi Hamisa, aliyekutwa na uvimbe usiozidi punje ya hindi. Alipasuliwa, akapona, na ameruhusu jina lake lisomwe leo kwa sababu yuko hapa hapa na ana watoto wawili zaidi ya aliokuwa nao.

Mwaka 1951 marehemu aliandika makala ya pili. Ilimchukua muda mrefu kwa kuwa ilimlazimu kuikanusha ya kwanza, na mtu hakanushi jina lake mwenyewe kwa urahisi. Aliituma Nairobi, kwenye jarida lile lile. Ikarudi. Walisema wagonjwa hawakupimwa na daktari bali na mkunga. Walisema si kila uvimbe ulitolewa kipande kikachunguzwa kwa darubini. Na kuhusu waosha maiti walisema tu kwamba wanashangaa. Akaituma kwingine, ikarudi. Akaipunguza, akaituma tena. Mwaka 1953 jarida moja dogo liliipa robo ya ukurasa, nyuma kabisa, chini ya tangazo la dawa ya mbu, na likaondoa maneno aliyosema wazi kwamba makala yake ya 1944 ilikosea. Kwa hiyo ilisomeka kana kwamba ni mtu mwingine anaandika kuhusu mji mwingine.

Ile ya kwanza iliendelea kupaa. Kila mwaka ilikuja bahasha kutoka nchi fulani, na ndani mna kitabu kipya kinachosema kwamba wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki hawaugui, rejea Kamugisha. Alikuwa akiipokea kama mtu anayepokea mashtaka. Aliwaandikia wote barua za kusahihisha. Wengine walimjibu kwa kumshukuru kwa mchango wake.

Mwaka 1954 alikuja profesa kutoka Ulaya, akafika mpaka Temeke kumshika mkono. Marehemu alifurahi, maana alidhani sasa amepata sikio. Alimkalisha sebuleni, pale pale penye pazia, akamwonyesha matokeo ya Alhamisi zote, akamweleza alivyokosea na kwa nini. Demetria alikuwapo akisaidia kuandaa chai. Profesa alisikiliza, akala vitumbua vinne, akasema marehemu ni mnyenyekevu mno na kwamba unyenyekevu ndio alama ya mwanasayansi wa kweli. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Kiliinukuu makala ya 1944 kwenye kurasa tatu, na mwanzoni kilimshukuru Daktari Kamugisha kwa ukarimu.

Familia inaomba radhi kwa waombolezaji kama sauti ya msomaji inapanda hapa. Watu waliokaa naye meza moja ndio wanaojua ilivyokuwa. Mtu huyu alipoandika kosa alisikilizwa dunia nzima, na alipolirekebisha akaonekana amechoka. Marehemu alikuwa na namna yake ya kulisema jambo hilo.

"Kila anayeninukuu," alikuwa akisema, "ananinukuu pale nilipokosea."

Mwaka 1955 aliomba rasmi kwamba Temeke ijengewe chumba cha kupimia kinamama, chenye mkunga wa kudumu na gari la kuwapeleka hospitali walio na uvimbe. Aliambatanisha kila kitu. Jibu lilikuja mwezi Septemba. Wenye mamlaka walisema hawaoni haja ya chumba hicho, kwa kuwa maradhi yenyewe ni nadra katika pwani hii, kama alivyothibitisha Daktari G. Kamugisha katika makala yake mashuhuri. Marehemu aliisoma amesimama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Bi Benedicta akawatoa watoto nje kwa sababu kicheko kile hakikuwa cha kusikilizwa na mtoto.

Tangu hapo afya yake ilianza kuyumba. Alikutwa na shinikizo la damu, akaambiwa apumzike, akapunguza chumvi badala yake. Mwezi Mei mwaka huu alianguka zahanati, upande wa kulia ukapooza na maneno yakawa mazito. Alhamisi hazikusimama hata hivyo. Alilazwa kwenye kochi upande wake wa pazia, na kwa mkono wa kushoto akagonga ukingo wa kochi mara moja alipotaka Bi Benedicta arudie, mara mbili aliporidhika. Kinamama waliizoea ile sauti ya kugonga. Alhamisi tarehe 8 Agosti alikuwa anagonga mpaka mwanamke wa mwisho alipotoka. Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 9 Agosti 1957, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, baada ya kupokea sakramenti.

Siku chache kabla ya hapo alimwita Demetria, akamshika kwa mkono wake mzima. Alitumia muda mwingi kuyatoa maneno machache.

"Mkinizika," alisema, "ile ya kwanza isisomwe."

Demetria alimwahidi. Jumamosi ikaja simu ya maandishi kutoka kwa chama cha madaktari huko Nairobi. Ilitoa pole kwa mjane, ikasema marehemu atakumbukwa daima kwa makala yake ya 1944, na ikanukuu maneno yake, yale yale. Wazee wa ukoo walifurahi, wakasema isomwe, kwa kuwa inaleta heshima kwa jina. Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa mzuri. Mama Anjelina, aliyefika kutoka Bukoba mwezi Juni kumuuguza mwanawe, akaomba nafasi ya kusema. Akauliza kama kuna mtu anayekumbuka arusi ile ya ndizi. Wazee walikumbuka. Akasema basi safari hii waanze na walio nyuma. Simu ile tumeipokea, tunawashukuru walioituma, na haitasomwa.

Kabla ya sehemu inayofuata, familia inawaomba kinamama wa Temeke, Mtoni, Kurasini na Mbagala, waliosimama kule nyuma, wasogee mbele. Wanaume wawapishe njia. Bi Hamisa atafutiwe kiti.

Haya yafuatayo ni maneno ya marehemu, kutoka katika makala ya pili kama alivyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kuifasiri kwa wakubwa. Hayakuwahi kuchapishwa mahali popote. Leo yamechapishwa katika karatasi ya ibada mliyopewa mlangoni mwa kanisa, na anayejua kusoma anaombwa akamsomee asiyejua:

"Mwaka 1944 niliandika kwamba wanawake wa pwani yetu hawaugui saratani ya matiti ila kwa nadra. Nilikosea. Niliwahesabu waliolazwa, sikuwahesabu waliozikwa. Wanaugua, wanaficha, na wanakufa, na maneno yangu yamewasaidia kufa kimya. Uvimbe usiouma ndio wa kuogopwa zaidi. Mwanamke akiupata asingoje uume, asingoje upasuke, aje ungali mdogo, maana ungali mdogo unatibika. Asione haya. Atapokewa na mwanamke mwenzake."

Marehemu ameacha mjane, Benedicta. Watoto, Avelina na Kasiani. Mama yake mzazi, Anjelina. Mdogo wake, Demetria. Na Alhamisi, ambazo hazikufungwa. Kliniki itakuwapo wiki hii kama kawaida, saa tatu asubuhi, na pazia litakuwa mahali pake, ingawa upande wa pili hapatakuwa na mtu wa kugonga. Baba yake, Mzee Kasiani, alimtangulia mwaka 1950, akiwa bado anatembea taratibu kwa fahari, na marehemu hakuwahi kupata moyo wa kumweleza.

Tunamwomba Mungu ampe pumziko. Kwa jinsi tunavyomfahamu, hatalikubali hilo pumziko kabla ya kuuliza kama ile makala imesahihishwa. Ndugu zetu mliosikia, mjibuni.